Paneli Nilizosema Nimezifuta

Kila asubuhi kabla ya shule, kazi yangu ilikuwa kupanda ngazi na kufuta paneli za sola juu ya paa la zahanati. Mama ni muuguzi pale, na paneli hizo ndizo zinazoendesha friji ya chanjo. Wagonjwa walinitania, "Bibi Jua, leo umetuwashia?"

Misitu ya ng'ambo ya mto ilipoanza kuungua, moshi ukatanda hadi kwetu. Nikaona uvivu, nikabaki chini.

"Umefuta?" mama akauliza.

"Nimeshafuta, mama."

Nikaurudia uongo huo siku nne.

Siku ya tano taa ya friji ikawa nyekundu, ishara kwamba umeme unakwisha. Ndani mlikuwa na chanjo za watoto arobaini, na moto ulikuwa umefunga barabara ya hospitali kubwa. Fundi wa sola akaja mbio.

"Paneli zinafutwa?"

"Kila siku," mama akajibu kwa fahari. "Huyu binti yangu hana mchezo."

"Basi betri imekufa. Naing'oa, nitaleta nyingine keshokutwa."

Siku mbili bila umeme! Chanjo zote zingeharibika.

"Usiing'oe, mjomba. Sijafuta siku nne. Nilidanganya."

Mama akanikabidhi kitambaa tu. Afadhali angenigombeza.

Nikapanda na fundi. Tulifuta majivu mpaka kitambaa kikawa cheusi, lakini umeme ukaongezeka kidogo tu.

"Mbona bado?"

"Tazama kivuli cha mkono wako."

Loo! Kilikuwa hafifu, na jua lilikuwa jekundu ingawa ilikuwa saa nne asubuhi.

"Moshi hunyonya sehemu ya mwanga," fundi akasema, "na sehemu nyingine huitawanya huku na huko. Unaotufikia ni kidogo. Betri ni nzima, ina njaa tu. Zimeni taa na feni zote, friji peke yake itumie umeme. Na wewe ufute mara tatu kwa siku."

Nilifuta. Kila mara mama alipanda nyuma yangu kukagua, na hilo liliniuma kuliko kiboko.

Siku ya tisa mvua ikanyesha na kuufukuza moshi, taa ikarudi kijani, na chanjo zilikuwa bado baridi. Watoto wote arobaini wakachanjwa.

"Moshi hatukuweza kuuzuia," mama akaniambia. "Lakini uongo wako ulikaribia kutufanya tung'oe betri nzima. Kosa likisemwa mapema, mwanangu, hurekebishika."

Kesho yake akauliza, "Umefuta?"

"Nimefuta, mama."

Akaitazama ngazi, hakupanda, akaenda kuwapokea wagonjwa.