Kibuyu cha Madada wa Nkoasoro

Maziwa yalikatika kabla hayajapata moto. Aikande alikuwa amesimama jikoni kwake Ilboru, mwiko mkononi, akiyapasha kwa ajili ya keki ya harusi, mara akaona yamejitenga: maji ya kijanikijani chini, mabonge juu, na mabonge yenyewe yanazunguka polepole ingawa hakuna aliyeyakoroga. Akamwaga. Akachukua mengine, yaliyokamuliwa alfajiri hiyo hiyo kwa jirani. Nayo yakakatika. Alipochovya kidole kuonja, alikutana na ladha aliyoijua tangu usichana wake.

"Kuna nini humu?" Gidion, mumewe, aliuliza akiwa mlangoni, tai shingoni, kiganja puani. "Kuna kitu kimekufa?"

"Ni maziwa tu, Baba Violet."

"Maziwa gani yananuka hivyo?"

Aikande alifungua dirisha. Jana yake kibuyu kilikuwa kimeletwa nyumbani.

Miaka mingi nyuma, Aikande alisoma Chuo cha Ualimu Nkoasoro, kule juu kwenye miteremko ya Meru ambako ukungu huingia bwenini bila hodi. Kulikuwa na chama cha wasichana pale, Madada wa Kibuyu. Huombi kuingia, unachaguliwa. Ukishachaguliwa unapiga magoti mbele ya wenzako na mbele ya wale waliomaliza zamani, wanawake wazima wanaosafiri kutoka Moshi, Babati, hata Dodoma, wamevaa vitenge vya sare. Kibuyu cha maziwa kinazungushwa. Kila mmoja anatema mate ndani yake. Halafu wewe unakunywa.

Kibuyu hicho hakikuwahi kuoshwa wala kumalizwa tangu chama kianze. Maziwa mapya yalimiminwa juu ya ya zamani, na mate ya walio hai juu ya mate ya waliokwisha kuzikwa. Aikande alikunywa akiwa amefumba macho. Kitu kinene, cha uvuguvugu, kiliteleza kooni kama kamasi, na alipotaka kukitapika kilikataa kurudi.

"Sasa wewe ni dada," walimwambia. "Na dada hastaafu."

Hawakumdanganya. Kazi yake ya kwanza aliipata kwa dada. Mkunga aliyempokea Violet, mwanawe wa pekee, alikuwa dada. Mama yake alipofariki kule Machame, madada walijaa msibani kabla ndugu wa damu hawajafika, wakapika, wakaosha vyombo, wakalia kuliko wafiwa. Alipoacha ualimu akaanza kuoka keki, hakukuwa na harusi wala kipaimara cha nyumba ya dada kilichokatwa keki ya mtu mwingine. Kwa wema wote huo, funda moja la ujanani lilionekana dogo, na Aikande alikuwa amejizoeza kutolifikiria.

Sasa mlezi wa kibuyu, Dada Evaresta, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa amezeeka. Ndiye aliyekuja jana yake kwa teksi, amekipakata kama mtoto mchanga, kimefungwa khanga.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Mimi nimechoka. Nacho kinataka nyumba yenye watu." Alimtazama machoni. "Jumamosi tutakutana hapa kwako kumpokea mpya. Usikifunike sana. Hakipendi."

Aikande alikiweka stoo, kwenye rafu ya unga, akafunga mlango.

Baada ya asubuhi ile ya maziwa, mambo yaliharibika haraka. Keki ya harusi aliyoioka kwa maziwa ya unga ilikatwa ukumbini, na bibi harusi alipolishwa kipande akakitema mbele ya wageni: ndani ilikuwa inavutika nyuzinyuzi, kama bamia. Nyumbani, harufu ilishika mapazia, ikashika nguo kabatini, ikashika nywele. Ulimi wa Aikande ulifanya utando mweupe. Aliukwangua kwa kijiko hadi ukatoa damu, na kabla hajamaliza kusukutua utando ulikuwa umerudi. Gidion alihamia chumba cha wageni.

Kisha kukaja sauti. Ilikuwa mchana kweupe, jua linawaka, redio ya jirani inaimba, na Aikande yuko peke yake anapepeta unga, aliposikia kutoka stoo mtu akinywa. Gubu. Kimya. Gubu. Kama koo kubwa linalomeza bila kupumua. Alifungua mlango. Hakukuwa na mtu. Kibuyu kilikuwa pale pale, lakini khanga ilikuwa imeanguka, na mdomo wa kibuyu ulikuwa umelowa, unatiririka ute mweupe uliokuwa umeshuka hadi kwenye magunia. Alipokinyanyua kilikuwa kizito kuliko kilipoletwa, na chini ya viganja vyake ganda lilikuwa na joto la mwili.

Gidion, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, alimshika mikono jioni wakaomba pamoja. Alipofika mwisho akangoja mkewe aseme amina. Kinywa cha Aikande kilijaa mate ghafla, kikajaa hadi mashavu yakavimba, na mate yale yakaruka yenyewe yakampata Gidion usoni.

"Sikutaka," Aikande alinong'ona. "Baba Violet, haki ya Mungu, si mimi."

Gidion alijifuta polepole. "Najua," alisema, naye kwa kunong'ona. "Nimeona macho yako. Yalikuwa yanalia."

Ijumaa Violet alirudi kutoka chuoni. Alikuwa anasoma mwaka wa kwanza pale pale Nkoasoro, kwa sababu madada walimtafutia nafasi. Aliingia mbiombio, hata begi hajaliweka chini.

"Mama, aisee, nimechaguliwa! Kesho naapishwa, tena hapa kwetu!"

Aikande alifungua kinywa aseme: mwanangu, kimbia. Alizipanga sauti kichwani, moja baada ya nyingine. Zilizotoka zilikuwa nyingine, tamu, zenye majimaji.

"Hongera, mdogo wetu," kinywa chake kilisema. "Tumekungoja tangu ulipokuwa tumboni."

Violet alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mama, mbona unaongea hivyo?"

Aikande aliziba mdomo kwa mikono yote miwili, akatoka nje, akaenda moja kwa moja mjini, hakuvua hata aproni.

Alikwenda kwa Bi Sherbanu. Huyu alikuwa mama wa makamo wa Kihindi, Mwislamu, mwenye duka la vifaa vya keki karibu na soko kuu, na Aikande alikuwa mteja wake wa siku nyingi. Watu walijua kwamba nyuma ya duka Bi Sherbanu huwasomea wagonjwa wa majini, kama baba yake kabla yake. Aikande hakuwahi kutia neno juu ya hilo. Yalikuwa mambo ya dini ya watu. Siku ile Bi Sherbanu alimwona anaingia, akavuta mtandio akafunika pua.

"Mama Violet. Umekunywa nini?"

Kila Aikande alipojaribu kusema, mate yalijaa. Ikabidi aandike kwa kidole kwenye unga uliomwagika juu ya meza: kibuyu, mate, mtoto, kesho. Bi Sherbanu alisoma, akafuta, akanawa mikono mara hiyo hiyo kwa uso wa kuchefukwa.

"Jini huyu hana kinywa," alisema kwa sauti ya chini, akiangalia mlango. "Majini wengine hupanda kichwani. Huyu ni wa kuomba vinywa vya watu. Kila aliyekunywa amemwazima chake, maisha yake yote. Nyinyi mnadhani mnapendana. Yeye ndiye anayewaita mle pamoja."

Alichukua sahani nyeupe, akaandika aya juu yake kwa zafarani, akaiosha kwa maji ya waridi, akayatia kwenye chupa. "Hili ni kombe. Ukinywa hapa atabana, hatatoka. Chakula chake kiko kwako nyumbani. Kunywa kibuyu kikiwa wazi na wenzako wote wapo. Mimi nitakuja. Na mtoto asionje, hata tone."

Jumamosi mchana sebule ilijaa. Walimu, manesi, wake za wakubwa, vitenge vya sare, manukato mazito, na chini ya manukato ile harufu, inayotoka katika kila kinywa kilichomsalimu Aikande kwa busu. Yeye alitaka kuwauliza kama hawaisikii. Hawakuisikia. Walicheka, wakaulizana habari za watoto, wakamshika Violet mashavu. Gidion, ambaye Aikande alimwandikia yote kwenye karatasi, alikuwa nje getini, anamngoja Bi Sherbanu. Hawakumficha Violet, maana bila yeye kibuyu kisingefunguliwa.

Wakaanza kuimba. Violet akapiga magoti. Evaresta akaleta kibuyu kutoka stoo, akakizungusha, na kila mwanamke aliinama akatema, wengine wakivuta makohozi kutoka kifuani kwa heshima kabisa, wakijifuta midomo kwa ncha ya kitenge na kutabasamu.

Kibuyu kilipofika kwa Aikande, mkono wake wenyewe ulikinyanyua na kukisogeza kwenye midomo ya mwanawe. Aliuona mkono ukienda. Aliuona uso wa Violet ukikunjamana kwa kinyaa, mtoto amegeuka kando anatafuta macho ya mama yake, na kinywa cha mama kikasema, "Kunywa, dada," na vinywa vyote vya sebuleni vikasema vilevile, kwa sauti ile ile moja yenye majimaji, na ndipo Aikande, kwa mkono wake wa kushoto ambao kwa namna fulani bado ulikuwa wake, akachomoa chupa kwenye aproni, akang'ata kifuniko, akalimwaga kombe katika kinywa kile kilichokuwa si chake, akameza, akasikia moto unashuka na kitu kingine kinapanda, kinapanda kwa kucha, kinamfunga pumzi, kinavimbisha shingo yake hadi waliomwona wakadhani itapasuka.

Akaanguka kwa mikono na magoti. Mlango ukafunguliwa, sauti ya Bi Sherbanu ikaingia kabla yake, inasoma bila kituo.

Kikatoka. Kilikuwa cheupe, kirefu, kinene kama ulimi wa ng'ombe, kimefunikwa utando kama ule wa juu ya maziwa yaliyopoa, na kilipoanguka sakafuni kilitoa mlio kama wa ulimi unaolamba sikio. Kibuyu kikapasuka chenyewe. Miaka yote ile ya maziwa na mate ikamwagika: mabonge ya manjano, kamba za ute, jino, kitu kilichofanana na nywele. Kile kiumbe kikaogelea ndani yake, kikipapatika kama samaki aliyetolewa majini.

"Kinakufa!" Bi Sherbanu alipaza sauti. "Kiacheni! Msikiguse, kinakufa!"

Hapo Aikande aliinua kichwa. Kinywa chake kilikuwa kikavu, kichungu, na ni chake. "Tumepona," alisema, na kulia kukamshika. "Dada zangu, tumepona. Tokeni nje."

Hakuna aliyetoka. Walikuwa wanamtazama kama mtu aliyewaulia mzazi. Vinywa vyao sasa vilikuwa vyao, na bila ile sauti moja hawakuwa na la kuambiana. Kila mmoja alisimama peke yake katika kitenge cha sare, anaogopa.

Evaresta ndiye aliyeanza. Alishusha magoti yake mabovu taratibu, akaweka viganja kwenye ule uchafu, akainamisha uso, akalamba. Yule nesi aliyekuwa pembeni yake akafuata. Kisha wengine, mmoja baada ya mwingine, vilemba vikigusana, wakisukumana mabega ili wafike katikati, pale kilipokuwa kinapapatika.

"Dada, msifanye hivyo!" Aikande alilia. "Hamlazimishwi tena!"

Evaresta aliinua uso. Ute ulikuwa unadondoka kidevuni. "Nani alikwambia tulilazimishwa?" aliuliza, kwa sauti yake mwenyewe kabisa.

Bi Sherbanu alifunga mdomo, akaacha kusoma. Akamshika Violet mkono, Aikande akamshika mwingine, wakatoka hadi getini alipokuwa Gidion, wakaingia kwenye gari. Violet alitapika njia nzima hadi mtaa wa Sakina, ingawa hakuwa ameonja kitu.

Hawakulala tena katika nyumba ile. Jumatatu Gidion alirudi kuchukua nguo. Alikuta mlango wa sebule umerudishiwa vizuri, viti vimepangwa, vigae vya kibuyu havipo. Sakafu ilikuwa safi kuliko alivyowahi kuiona, inang'aa kutoka ukuta hadi ukuta, kavu, bila hata alama ya kiatu. Alikagua vyumba vyote. Kitu pekee kilichokosekana ndani ya nyumba kilikuwa sufuria kubwa ya jikoni, pamoja na mfuniko wake.