Barua za Tahmina

Sanduku la chuma lilikuwa wazi, tupu. Nuzhat alikaa sakafuni mbele yake, hana hata chozi la kutoa.

Humo zilikuwamo barua zote alizoandika mama yake, marehemu Tahmina, mwandishi ambaye mji mzima wa Lucknow ulimpenda na kumwogopa kwa ulimi wake. Nuzhat alizikusanya kwa miaka, akiwabembeleza wajane na mahasimu. Nakala hakuna. Mpiga chapa alizisubiri wiki hiyo azitoe kitabu. Bila barua, kitabu kimekufa.

Inspekta Bilgrami alikagua kufuli. Halikuvunjwa. Uani, kwenye jiko la mkaa, akakuta jivu na pembe za karatasi zilizonusurika. Zilipochunguzwa, zote zilikuwa za miswada ya hadithi zilizokwisha chapishwa zamani, iliyowekwa sandukuni juu ya barua. Cha barua, hapakuwa na hata kipande kimoja.

Jambo hilo lilimkera. Mwizi gani huchoma takataka akabakiza mali? Akamuuliza Nuzhat barua zilianzaje.

"Kwa jina la Mungu, juu kabisa. Mama alikuwa mtundu, lakini hilo hakuliacha hata kwenye barua ya matusi."

Bilgrami akaenda moja kwa moja msikitini. Karatasi yenye jina la Mungu haichomwi mtaani pale. Huzamishwa mtoni pamoja na kurasa za misahafu iliyochakaa. Mtunza msikiti hakuficha kitu. Jana aliletewa gunia na Anisa, mdogo wa Tahmina, na asubuhi hii amelizamisha katika mto Gomti, na jiwe ndani.

Bilgrami alirudi amechoka. Nuzhat alipoambiwa, alimwita Anisa.

Anisa hakukana.

"Nilianza na za juu. Nilipofikia barua, mkono ukakataa."

"Kwa nini, mama?" inspekta akauliza.

"Nilizika watoto wanne, mwanangu. Wa mwisho alipokufa, dada aliwaandikia rafiki zake kwamba tumbo langu ni stesheni, abiria wanapita tu, hakuna anayekaa. Mji ukacheka. Mume wangu akacheka. Nimengoja waliocheka wafe, na karibu wameisha. Sasa mnataka kunichapia wengine wa kucheka."

Bilgrami aliacha kuandika. Anisa akamgeukia mpwa wake.

"Na wewe ulipoisoma? Ulicheka?"



"Nilicheka, mama mdogo."

Anisa akajifunika ushungi vizuri, akamuuliza inspekta gari la polisi liko wapi.