Kitambaa Ndani ya Jiwe

Wenzake waliorudi kutoka Doha walirudi na magari. Tuneya alirudi Garsen na kitambi, mvi, na wazimu wa samaki. Miaka kumi na tisa alikuwa akitunza matangi ya samaki katika hoteli ya matajiri, na kazi ilipokwisha akashindwa kuagana nayo. Akajenga tangi la kioo sebuleni, refu kama kitanda, akalijaza maji ya bahari na matumbawe. Majirani walikuja kutazama, wakatoka wakitikisa vichwa. Mto mzima uko pale nje umejaa kambare, yeye analisha samaki asiowala!

"Nitawala tukishazoeana," aliwajibu.

Jioni hiyo, adhana ya magharibi ikiwa haijaisha, alichukua ndoo na mpira wa kufyonzea maji, akaenda kwenye kazi yake ya kila siku. Kutoa minyoo.

Si minyoo ya tumboni. Hawa walikuwa bapa, wembamba kama ganda la kitunguu, rangi ya kutu, hakuna aliyezidi ukucha wa mtoto. Hulala juu ya matumbawe na kuyafunika mpaka yakose mwanga yafe. Tuneya aliwajua tangu Doha. Dawa yao ipo, lakini ina hila: ukiwaua wote kwa mpigo, maiti zao hutoa sumu, na asubuhi unakuta samaki wako wanaelea. Ndiyo maana unawafyonza kwanza, kidogo kidogo, siku nyingi, halafu unawatilia dawa waliobaki.

Alikuwa amefyonza majuma matatu. Wakazidi.

Na mkono wake wa kulia ukazidi kufa.

Ulianza kidole cha mwisho, ganzi kama kimelaliwa. Kisha vyote vitano. Juzi alishika sufuria jikoni, akajua ni ya moto kwa harufu ya ngozi yake mwenyewe.

"Uzee umekuja kunisalimia," alimwambia mkewe, Swaleha, "ukasahau kuuachia mkono."

Swaleha hakucheka.

Sasa aliinama mbele ya tangi, mpira mkononi... akaganda.

Minyoo walikuwa wameyahama mawe yote. Wamepanda kwenye kioo. Wamejipanga. Mistari mitano, mmoja mfupi kuliko mingine, na chini yake doa pana...

Kiganja.

Aliuinua mkono wake wa kulia, akaulaza juu ya kioo upande wa nje. Ukalingana nacho. Hata kovu la katikati lilikuwepo: mstari mweupe, mtupu, usio na mnyoo hata mmoja.

Ikaja harufu. Si ya bahari. Ya damu iliyolala.

Kovu hilo alilipata siku ya kulijenga tangi, kioo kilipomkata. Aliyemfunga kidonda alikuwa Komora. Walizaliwa pamoja kijijini Wenje, wakatahiriwa siku moja. Na Komora ndiye aliyekuwa aende Doha, ila mkono wake wa kulia ulipooza wiki moja kabla ya safari, Tuneya akaenda badala yake. Komora hakuwahi kunung'unika. Ndiye aliyemletea maji ya bahari kutoka Kipini kwa pikapu ya mpwa wake, akishusha madumu kwa mkono mmoja. Siku ile alimfunga kwa leso ya mfukoni ya Tuneya mwenyewe, ncha moja ameishika kwa meno. Leso ilipolowa, akamfunga nyingine.

"Nipe hicho kitambaa nikakitupe, swahibu."

Wiki iliyofuata alileta zawadi. Jiwe la mwamba, zuri, lenye matundu.

Kila jiwe jipya Tuneya hulichovya kwanza katika maji matamu, maana mnyoo wa bahari hastahimili maji ya mto. Sheria hiyo aliishikilia Doha mpaka wakampa jina la utani, Daktari. Lakini hili lilitoka kwa Komora. Zawadi ya ndugu utaiosha kama miguu ya mgeni? Akalitia vivyo hivyo.

Na juzi... juzi Komora alishusha dumu kwa mikono miwili. Tuneya alimkumbatia, karibu alie.

"Umepona!"

"Taratibu," Komora alijibu, akitazama chini.

Tuneya alilitoa jiwe la Komora kwa mkono wa kushoto, likamchana. Hakujali. Akaliinamisha juu ya beseni la maji ya mto, akatia vidole vya kushoto ndani ya tundu kubwa.

Kitu laini.

Akavuta. Kikatoka polepole, kama ulimi. Leso. Pembeni, kwa uzi wa kijani, herufi T aliyoishona Swaleha. Imefungwa kwa uzi mwekundu, na ncha za uzi zilikuwa zimetafunwa. Fundo la mtu anayefunga kwa meno.

"Hodi..."

Komora alikuwa mlangoni, dumu limening'inia mkono wa kulia.

"Usiwaue," alinong'ona.

"Ulinifunga kidonda, Komora."

"Miaka kumi na tisa nakula kwa mkono wa kushoto. Watu wakaanza kunipakulia peke yangu, mbali na sinia."

"Ungeniambia."

"Ungenipa mkono?"

Tuneya aliishusha leso karibu na maji ya beseni.

"Nilimuuliza aliyenipa minyoo, nichukue mkono wa nani," Komora akasema. "Akaniambia, wa mtu ambaye hataikagua zawadi yako."

"Nani huyo?"

Komora alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yakimtoka.

Tuneya aliizamisha leso. Minyoo wakatoka ndani ya mikunjo, kumi, mia, wakajikunja, wakaanguka chini ya beseni kama maganda. Kwanza alihisi baridi katika mkono wa kulia. Kisha maumivu, mpaka begani.

Kishindo.

Dumu lilikuwa chini, maji ya bahari yakitambaa kuelekea miguu ya Tuneya. Komora aliutazama mkono wake ukining'inia. Aligeuka, akaondoka, bega moja chini.

Swaleha alikuja mbio kutoka jikoni. Aliona damu mkono wa kushoto wa Tuneya. Alichana kipande cha kanga kuukuu, akamfunga. Kikalowa. Akakifungua, akafunga kingine, kwa upole uleule wa miaka yote.

"Nipe hicho kitambaa nikakitupe."

Tuneya alikifumbata.

"Baba Rayyan," alimwita mumewe. "Ni mimi."

"Najua."

Alitafuta mzaha. Hakuupata. Vidole vyake vya kulia, vilivyoamka sasa hivi tu, vilizidi kukaza, na Swaleha akabaki amenyoosha mkono, akingoja. Nyuma yake, kwenye kioo, mnyoo mmoja alikuwa akipanda... taratibu... kuelekea kwenye taa.