Uji wa Mtoto Haumalizwi na Babu

Babu alikuwa fundi viatu, na kwa kula hakuwa na mpinzani. Kila asubuhi aligonga soli mlangoni, huku jicho moja likichungulia bakuli la mjukuu wake, Chiriku.

Chiriku alikuwa na miaka mitatu. Alizaliwa na virusi vya UKIMWI, na mama yake alikuwa amekwisha fariki. Dawa alikuwa akiitema. Basi Bibi akabuni ujanja: akaiyeyusha kwenye bakuli zima la uji. Mtoto alikunywa nusu, akashiba. Nusu iliyobaki aliimaliza Babu, maana chakula hakitupwi.

Lakini Chiriku alizidi kukonda. Vipimo vilionyesha virusi vimeongezeka. Babu aliogopa sana. Alikuwa amekwisha kumzika binti yake. Je, na mjukuu pia?

Mhudumu wa afya akaja kuwatembelea.

"Shikamoo, Babu. Mtoto anapewa dawa?"

"Marahaba, mwanangu. Kila siku!"

"Naitia kwenye uji," Bibi alisema kwa fahari.

Mhudumu akamwona Babu anakwangua bakuli. "Babu, unakula nini?"

"Mabaki ya mtoto tu."

"Kumbe nusu ya dawa yake unaimeza wewe!"

Kijiko kikamponyoka Babu. "Mama yangu wee! Nitakufa?"

"Mzee mzima unaulizia roho yako!" Bibi akafoka. "Mtoto je?"

Mhudumu alibana kicheko. "Hufi, Babu, ila njoo kituoni tukuangalie. Aliye hatarini ni huyu. Akipata dozi pungufu, virusi huizoea dawa."

Akayeyusha kidonge kwenye kikombe chenye maji safi kidogo. Chiriku akanywa. Mhudumu akasuuza kikombe kwa maji kidogo tena, akampa amalizie.

"Asibakize hata tone. Kila siku, saa ileile. Uji baadaye."

Chiriku akakunja uso. "Chungu!"

"Acha uongo, mjukuu wangu," Babu akasema. "Mimi nimeinywa siku zote hizo. Tamu kabisa!"

Bibi akaishika njia hiyo. Miezi ilipopita, vipimo vikaonyesha virusi vimepungua sana. Chiriku alinenepa, na mbio zake zikawashinda kuku.

Babu akamkumbatia mjukuu, machozi yakimtoka bila haya.

"Mke wangu," alisema, "sasa huyu ndiye atakayenizika mimi."

"Atakuzika," Bibi akajibu, "lakini si leo. Viatu vya watu vinakungoja."