Glavu ya Kombora

Jumamosi hiyo duka la vifaa vya michezo lilijaa watu kama mbegu kwenye papai. Wazazi walivutana na watoto wao, wauzaji walipanda ngazi na kushuka, na kengele ya mlangoni haikupata nafasi ya kunyamaza. Dada mmoja mrefu, mwenye ovaroli ya buluu iliyotapakaa madoa ya rangi ya magari, alijipenyeza hadi kwenye rafu ya glavu za besiboli, akanyoosha mkono.

Mkono mwingine ukafika pamoja na wake. Vidole vyake vilikuwa na gundi kavu kwenye kucha, lakini mwenye mkono alivaa shati jeupe lililopigwa pasi kana kwamba anakwenda kuposa.

"Achia, kaka. Nimeiona kwanza."

"Kuona si kushika, dada."

"Basi tuishike wote mpaka duka lifungwe."

Kijana akacheka. "Unacheza nafasi gani?"

"Mrushaji."

"Basi hii haikufai." Akaigeuza glavu bila kuiachia. "Tazama huu wavu wa ngozi kati ya gumba na shahada. Una matundu. Sisi tunaocheza ndani, karibu na vituo, ndiyo tunaitaka hivi: ndogo, kitumbo cha kiganjani kifupi, mpira unaingia na kutoka kabla hujapumua. Wewe ukificha mpira humu, mpigaji atachungulia vidole vyako na kujua unamrushia nini. Ni kunong'ona siri kwenye kipaza sauti."

Dada alikasirika, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba jamaa alikuwa anasema kweli. Miaka yote alikuwa amevaa glavu za timu, yoyote iliyobaki kwenye gunia. Hii ingekuwa yake ya kwanza. Akaachia, akaanza kujaribu nyingine moja baada ya nyingine, mpaka akapata ya rangi ya kahawa iliyoungua: kubwa kidogo, ngozi nene, wavu umezibwa kabisa. Akafumba na kufumbua kiganja. Ilikuwa ngumu kama ubao.

"Hiyo inakubana," alisema kijana.

"Naitaka inibane. Nikirusha mkono wa kulia, wa kushoto usichezecheze ndani."

"Haya, bosi. Mimi wananiita Gundi. Natengeneza viatu pale kona ya posta."

"Mimi Kombora."

"Nani kakupa jina hilo?"

"Waliosimama mbele yangu na rungu."

Mwezi haujaisha, watu wa kona ya posta walikuwa wameshazoea kuiona ile ovaroli ya buluu kwenye benchi la Gundi. Jioni walikutana uwanjani. Kombora akirusha, Gundi akidaka.

"Taratibu, laazizi. Nitashonaje viatu na mkono uliovimba?"

"Shona kwa meno. Unayo mengi, na hayapumziki."

Gundi alikuwa mtu wa kupenda kwa pupa. Mkahawani aliagiza kwa ajili ya wote wawili kabla Kombora hajakaa vizuri. Alimbadilishia mlio wa simu kwa sababu ule wa zamani "ulikuwa unalia kama msiba." Alimnunulia gauni la njano, naye Kombora hapendi njano. Kombora alicheka. Penzi likiwa changa, hata amri huonekana kama busu.

Wakati huo timu ya taifa ya wanawake ilitangaza majaribio. Nafasi ya mrushaji ilikuwa moja tu. Kombora alikuwa ameisubiri tangu alipokuwa anarusha mawe ukutani. Kila siku aliipiga ile glavu ngumi kwenye kitumbo chake, akaweka mpira ndani na kuifunga kwa kamba. Ngozi ilikuwa inakubali polepole, kama binti mwenye msimamo.

"Niachie mimi niilainishe," alisema Gundi. "Ngozi ndiyo kazi yangu."

"Usiiguse. Itauzoea mkono wangu."

"Una kichwa kigumu."

"Kigumu hicho hicho ndicho unachokibusu."

Wiki ya majaribio, Kombora aliisahau glavu kwenye benchi la Gundi. Alipiga simu papo hapo.

"Haloo, kipenzi. Glavu yangu ipo hapo?"

"Ipo salama. Nitakuletea mwenyewe uwanjani, siku yenyewe."

"Mbona mpaka siku yenyewe?"

"Mpaka leo huniamini?"

Kombora akaamini.

Gundi akaifanyia glavu kile anachokifanyia kiatu cha mteja anayelalamika kwamba vidole vinauma. Aliifukiza kwa mvuke wa birika, akaipaka mafuta, akaisukumia ndani ule mguu wa mbao anaotanulia viatu, akaigonga kwa nyundo mpaka ngozi ikasalimu amri. Kisha akaivaa yeye mwenyewe, akaenda nayo mazoezini, akadaka mipira ya chini kwa kiganja bapa, kama walivyozoea watu wa ndani. Aliiona inavyolegea, akajisifu moyoni. Kwa fundi viatu, kitu kinachobana ni kitu kibovu.

Siku ya majaribio alifika jina la Kombora likiwa tayari limeitwa. Akamkabidhi glavu iliyofungwa kwenye kitambaa safi, uso wake ukimeremeta. "Nimekulainishia. Utaniombea dua."

Kombora alipoitia mkono, aliihisi mara moja. Ilikuwa inaelea. Kitumbo kilikuwa kimelazwa bapa, vidole vya ngozi vimeachana. Lakini kocha alikuwa anapiga filimbi, na kichuguu cha kurushia kilikuwa kitupu kinamngoja.

Alirusha mara ya kwanza, mpigaji akakosa. Ya pili, akakosa. Ya tatu rungu lilikutana na mpira, na mpira ukarudi moja kwa moja kifuani kwake. Aliinua glavu kwa wakati. Glavu ikajizungusha mkononi kama kiatu cha baba kwenye mguu wa mtoto. Mpira ukapita pembeni, ukampiga kwenye mtulinga wa kulia, akaanguka.

Mfupa haukuvunjika. Lakini mkono wa kulia haukuinuka tena siku hiyo.

"Pole, binti," alisema kocha. "Nafasi ni moja, na wenzako wanasubiri."

Gundi alimkimbilia nje ya uzio. "Mpenzi, umeumia? Wale nao, watu gani wanaharakisha hivi? Hawakukupa hata muda wa..."

"Umeifanya nini glavu yangu?"

"Nimekutanulia. Ilikuwa inakubana."

"Nilikwambia naitaka inibane. Nilikwambia usiiguse."

"Nilitaka kukusaidia. Siku nzima sikushona kiatu cha mtu kwa ajili yako."

Kombora alicheka kicheko kisicho na furaha hata chembe. "Bora ungeiiba. Mwizi anajua kwamba kitu si chake. Wewe hata hilo hulijui."

Akaivua glavu, akamtupia miguuni, akaondoka akiwa ameushika mkono wake.

Usiku huo simu ya Kombora ikaanza kulia; Gundi ndiye aliyekuwa anapiga.

"Haloo, mpenzi."

"Usiniite mpenzi."

"Nikuite nani?"

"Usiniite." Na simu ikakatika.

Alipopiga tena, alipokea dada yake Kombora. "Shemeji, amesema hayupo."

"Namsikia anaongea hapo."

"Ndiyo. Anasema hayupo kwa sauti yake mwenyewe."

Gundi naye akapandisha hasira. Kakosa nini? Kampenda? Aliichukua ile glavu, akailowesha, akazivuta kamba zake, akaikunja na kuifunga, akitaka ngozi isahau. Haikusahau. Aliitupa chini ya benchi, akawafokea wateja, akashona soli ya kushoto kwenye kiatu cha kulia.

Siku moja dada yake Kombora alikuja na kiatu kilichong'oka kisigino.

"Shemeji, nikuulize. Mdogo wangu anapenda rangi gani?"

Gundi akafikiri. "Gauni nililomnunulia..."

"Sikuuliza ulichonunua."

Gundi akakiinamia kile kiatu. Aligonga msumari, akaugonga tena, na msumari ulikuwa umeshazama zamani.

Kesho yake mchana alikwenda gereji ambako Kombora hupaka magari rangi, mikono mitupu, akiwa na shati la kazi. Kombora alikuwa anasugua mlango wa gari kwa msasa, kwa mkono wa kushoto. Hakusimama.

"Kama umekuja kujitetea, geuza."

"Sikuja kujitetea. Uliponiambia unataka ikubane, nilisikia. Uliponiambia nisiiguse, nilisikia vilevile. Nikaona najua kuliko wewe."

Msasa ukasimama.

"Nimekukosesha nafasi," alisema Gundi. "Siwezi kuirudisha."

"Huwezi."

"Bado una hasira?"

"Mpaka kwenye kucha."

"Naweza kukaa?"

Kombora akamtazama, akamwonyesha tairi kuukuu kwa kidevu. Gundi akakaa. Alisugua viganja vyake magotini.

"Nataka kukuo..." Akajikata. "Hapana, nakuuliza. Utakubali nikuoe?"

"Hapana."

Damu ilimpanda Gundi usoni. Maneno yalijaa kinywani: alivyompenda, alivyoumia, alivyo fundi mzuri. Kinywa kikafunguka. Kikafungwa.

"Sawa," alisema.

Kombora alisubiri. Alisubiri mpaka mafundi wenzake wakaanza kutazamana.

"Hubishi?"

"Umesema hapana."

Kombora akavua barakoa ya kuzuia vumbi, akaweka msasa chini. Macho yalikuwa bado makali.

"Hiyo ni hapana ya leo. Mimi sikubali mtu nikiwa na hasira. Jumamosi nakwenda kununua glavu nyingine, na nakwenda peke yangu."

"Sawa."

"Jioni nitakuja uwanjani unidakie. Mkono umeanza kuinuka. Sitarusha kwa huruma."

Gundi alivitazama viganja vyake, akaviweka wazi magotini.

"Rusha," alisema.