Daraja la Kupitisha Machela

Asnakech alikuwa mhandisi wa madaraja. Asubuhi ile alikuwa kwa mama yake, akinywa kahawa. Karibu na moto alikaa mdogo wake, Yeshi, ambaye alikuwa mjamzito. Mtoto wa kwanza wa Yeshi alikuwa amefia tumboni. Siku ya uchungu wake mto ulikuwa umefurika, wasiweze kuvuka kwenda zahanati iliyo ng'ambo.

"Dada, daraja litawahi mvua?" Yeshi aliuliza.

"Litawahi. Mchoro uko tayari. Kesho mafundi wanaanza kuchimba."

Mchana Asnakech alimwonyesha mchoro mhandisi mwenzake, mzee Getahun. Getahun aliutazama kwa makini.

"Mahesabu ni sawa," alisema. "Nani atapita hapa?"

"Watu, mzee wangu."

"Wamebeba nini? Umewauliza?"

"Mimi nimezaliwa hapa. Niulize nini tena?"

Getahun alicheka. "Ndiyo maana inafaa uulize, binti yangu. Mazoea humfunga mtu kitambaa machoni. Kufuta mstari ni rahisi. Kubomoa jiwe ni kazi. Tujaribu kwanza."

Basi walipigilia vigingi uwanjani, wakafunga kamba. Waliweka umbo la daraja chini, kama lilivyo kwenye mchoro. Majirani wakaitwa. Wanawake walipita na mizigo ya kuni. Punda alipita. Kisha wanaume wanne wakabeba machela. Juu yake alilala Demissie, mume wa Yeshi.

"Polepole jamani, leo mjamzito ni mimi!" alisema.

Kwenye kona ya kuingilia, machela ilikwama. Wakaiinamisha. Demissie akaporomoka kwenye nyasi. Watu walicheka mpaka machozi.

Yeshi hakucheka. Alishika tumbo lake.

"Na mtu wa kunishika mkono," aliuliza taratibu, "yeye atapita wapi?"

Asnakech aliyaona macho ya mdogo wake. Akapiga magoti, akaanza kung'oa vigingi.

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Nikusamehe nini? Hizi bado ni kamba tu."

Waliinyoosha kona. Walipanua njia mpaka machela ikapita, na mtu kando yake. Asnakech akachora upya. Getahun akakagua.

Halafu wakapanga kazi: nguzo za mtoni kwanza, kabla ya mvua, rangi ingesubiri. Kila wiki walikutana na mafundi kuuliza nini kimekwama. Saruji ilipochelewa, walijua mapema. Mafundi wakachonga mawe huku wakiisubiri.

Mvua zilipoanza, daraja lilikuwa limesimama. Alfajiri moja uchungu ukamshika Yeshi. Wanaume walivuka na machela bila kusimama, maji yakinguruma chini. Asnakech alitembea kando, mkono wa mdogo wake mkononi mwake.

Jua lilipochomoza, kilio cha mtoto wa kike kilisikika kule zahanati.

Muda si mrefu Mama akafika, shuka imelowa, chungu cha uji mzito wa mzazi kifuani.

"Mbona mnanitazama?" alisema. "Haya, fungua kinywa, mwanangu. Uji bado una moto."

Akamlisha Yeshi kijiko cha kwanza. Cha pili akampa Asnakech, mhandisi wake.