Kabla ya Pesa Kuingia

Siku ya soko mjini Wote haina adabu. Makondakta wanaitana, spika ya mhubiri inashindana na spika ya muuza dawa ya panya, na msimu wa embe ukifika, embe zinajaa mpaka zinakosa pa kukaa. Adhuhuri hiyo ya Januari jua lilikuwa limeshika mji kwa mikono miwili. Ndila Muindi alifungua mlango wa kontena lake la baridi akitarajia kuona makreti ya embe. Akaona mwanamume.

Alikuwa ameketi juu ya kreti lililopinduliwa, macho kayafumba, shati lake la kitenge cha buluu limefunguliwa vifungo viwili, kofia iko magotini. Alionekana kama mtu aliyefika mbinguni akapewa kiti cha mbele.

"Kaka," Ndila akamwambia, "hapa tunahifadhi embe. Watu hatuhifadhi."

Yule mwanamume akafungua jicho moja. "Kreti moja ni pesa ngapi kwa siku?"

"Shilingi thelathini."

"Niandikie siku mbili."

Ndila hakutaka kucheka. Alikuwa na ovaroli ya kijani, gambuti miguuni, kilemba cha maua mekundu kichwani, na midomo aliyoipaka rangi, maana hata siku ya kubeba makreti hakukubali kutoka nyumbani bila rangi ya midomo. Mtu wa namna hiyo anapenda kuheshimiwa. Lakini kicheko kilimtoka tu, kikagonga bati la kontena, kikarudi.

"Toka nje kabla hujaganda. Unaitwa nani?"

"Muthama. Natoka Makindu. Nimekuja kutafuta embe za juisi, jua likanishinda."

"Basi nunua embe, Muthama wa Makindu. Baridi ni ya bure leo tu."

Alinunua makreti manne. Wiki iliyofuata akarudi kununua sita, na wiki ya tatu akarudi bila kununua lolote.

Kontena lile lilikuwa la kampuni yake Ndila, aliyoiita Kivuli. Aliianza baada ya kumuona mama yake, Mbula, akiwamwagia mbuzi embe zilizooza msimu baada ya msimu kwa kukosa mnunuzi wa haraka. Sasa alikuwa na makontena matatu yanayopozwa na sola: Wote, Makindu na Kwa Vonza. Mkulima au mfanyabiashara alilipa kidogo, mzigo wake ukakaa baridini mpaka bei ipande. Muthama naye alikuwa na kibanda kizuri cha juisi kando ya barabara ya Mombasa, mahali madereva wa malori hushuka kunyoosha miguu. Zamani aliishi Nairobi, akawa na kampuni ya kupeleka vifurushi. Ilimtoka mikononi, akarudi nyumbani. Watu wa Makindu walisema ameanguka, na yeye hakujisumbua kuwajibu.

Mapenzi yao yalilelewa na simu.

"Haloo, Kreti," Ndila alikuwa akimwita hivyo.

"Haloo, mwendwa wakwa, mpenzi wangu. Umekula?"

"Nimekula muthokoi aliopika mama. Na wewe?"

"Mimi nasikia sauti yako, nimeshiba."

"Uongo huo umeununua wapi?"

"Mtito Andei. Madereva wanauza kwa jumla."

Ndila angecheka mpaka mama yake agonge ukuta. "Ndila! Huyo mtu wa simu, atakuja kunisalimia ama utaolewa na kicheko tu?"

Ndipo wawekezaji wakaja. Kampuni moja ya Nairobi ilikuwa imesikia habari za Kivuli, ikamtuma Bwana Musyimi, mtu mpole wa suti ya kijivu, viatu vyake vinang'aa mpaka vumbi la Wote likavionea haya. Alizunguka makontena yote matatu, akauliza maswali mazuri, kisha akasema maneno ambayo Ndila aliyabeba nyumbani kama yai.

"Tunaipa Kivuli thamani ya milioni kumi na tano. Na tuko tayari kuweka milioni kumi."

Milioni kumi na tano! Kitu alichokianza na kontena moja la kukodi! Jumapili hiyo, baada ya kanisa, Mbula alichinja kuku watatu. Akina mama wa ushirika walikuja na vitenge vyao vya sare, wakaimba mpaka majirani wakaletwa na wimbo. Muthama alialikwa pia, ndiyo mara ya kwanza kuonekana katika boma hilo, akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi likasimama lenyewe. Mbula alimpima toka kichwani hadi viatuni, akamwongezea paja la kuku. Ndila alijua paja hilo lina maana gani.

Akasimama mbele ya wageni, gauni lake la manjano likipepea, akatangaza. "Kivuli ina thamani ya milioni kumi na tano!"

Vigelegele vikapaa. Muthama peke yake ndiye aliyeweka sahani chini.

"Ndila," akauliza, "hiyo kumi na tano ni kabla ya pesa zao kuingia ama baada?"

Akina mama wakatazamana. Ndila akaweka mkono kiunoni.

"Kabla ama baada ya nini?"

"Ya zile milioni kumi. Kuna tofauti kubwa."

"Wageni, kuleni," Ndila akasema, akageuka. Hakumtazama tena mpaka alipoondoka.

Jioni simu ikalia. Ndila alikuwa nyuma ya jikoni, bado na gauni lake la manjano.

"Mpenzi, niambie nimekosa wapi."

"Mbele ya mama yangu, Muthama! Mbele ya kanisa lote! Kwani kumi na tano ni nyingi sana kwangu? Ulidhani nafaa ngapi, mbili?"

"Sijasema hivyo hata kidogo. Nisikilize. Mimi nilikuwa na kampuni, na swali hilo sikuuliza..."

"Najua ulikuwa na kampuni! Kila mtu anajua. Si lazima sote tuanguke kama wewe."

Lori lilipita upande wa Muthama, ngurumo yake ikaja, ikaenda.

"Sawa, Ndila," akasema polepole. "Usiku mwema."

Hakupiga simu kesho yake. Wala kesho kutwa. Ndila naye hakupiga, akajiambia ana kazi nyingi, na kweli kazi ilikuwepo: embe zilikuwa zimefika kilele, wakulima wanapanga foleni kontenani toka alfajiri. Lakini kila simu ilipolia aliichukua haraka kuliko ilivyostahili, na kila mara alikuwa mtu anayetafuta nafasi ya nyanya.

Siku moja kabla ya kutia sahihi mkataba wa wawekezaji, alikuwa Kwa Vonza, ambako alihifadhi embe zake kidogo pamoja na za mfanyabiashara mmoja mcheshi, Kavindu. Walipomaliza kupanga, Ndila akatazama rundo.

"Makreti kumi na tano. Tumemaliza."

"Ngoja, dada," Kavindu akasema akijifuta jasho. "Hizo kumi na tano ni pamoja na kumi zangu?"

"Ndiyo, pamoja na zako."

"Aaa. Basi zako ni tano tu. Mimi nilidhani uko na kumi na tano, nikiweka zangu tunakuwa na ishirini na tano. Nikaona, huyu msichana ametajirika!"

Kavindu akacheka, akaenda kutafuta chai. Ndila akabaki amesimama kwenye baridi, mkono juu ya kreti.

Ikiwa Kivuli ni kumi na tano leo, wawekezaji wakiweka kumi, jumla ni ishirini na tano, na yeye ndiye mwenye sehemu kubwa. Lakini ikiwa kumi na tano ni baada, pamoja na pesa zao, basi leo wanamwona yeye ni tano. Kumi ni zao, tano ni zake. Theluthi mbili ya Kivuli ingekuwa mali ya watu ambao hawajawahi kuona embe ikioza. Wangeweza kuifunga, kuiuza, hata kumfukuza. Na ni mtu mmoja tu aliyemuuliza.

"Aki, Ndila," akajiambia kwa sauti. "Na maneno yale uliyomwambia."

Kesho yake asubuhi alikutana na Bwana Musyimi katika hoteli moja ya Makindu. Mkataba ulikuwa mezani, kalamu juu yake. Ndila alivaa koti jeusi na kilemba chake chekundu.

"Swali moja kabla ya kalamu," akasema. "Ile milioni kumi na tano ni thamani ya Kivuli leo, ama ni baada ya pesa zenu kuingia?"

"Baada," Bwana Musyimi akajibu bila kuficha. "Sisi huhesabu hivyo siku zote. Nilidhani unajua."

"Sikujua. Kwa hivyo leo, bila nyinyi, Kivuli ni milioni tano."

"Kwa hesabu hiyo, ndiyo."

"Basi mimi siuzi kwa hesabu hiyo." Akausogeza mkataba kando. "Makontena matatu yamejaa kila msimu, na wakulima wako kwenye foleni. Tuseme kumi na tano kabla. Na msiweke kumi, wekeni tano, zinanitosha kwa kontena la Mwingi na la Mtito Andei. Tutakuwa ishirini baada. Robo ni yenu."

Bwana Musyimi akatabasamu kama mtu aliyepata chai yenye sukari aliyoitaka. "Nitawapigia Nairobi. Siahidi kitu."

"Wapigie."

Wiki iliyofuata Nairobi ilikuja kuikubali robo hiyo, tena kwa furaha. Lakini asubuhi hiyo Ndila hakujua. Alitoka hotelini mikono mitupu, akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha juisi. Kilikuwa kimefungwa.

"Muthama yuko Gurdwara," dereva mmoja wa lori akamwelekeza. "Siku kama leo huenda kusaidia kugawa chakula."

Katika hekalu hilo la Wasikh kila msafiri hula, awe nani awe nani, wala haulizwi bei. Ndila alivua viatu, kilemba chake kikamtosha kufunika kichwa, akaketi mkekani katika mstari wa watu wanaosubiri. Punde akamwona. Muthama alikuwa na kitambaa cha rangi ya chungwa kichwani, beseni la chapati mkononi, anainama kwa kila mtu bila kutazama nyuso.

"Moja ama mbili, dada?"

"Kabla ya kuomba msamaha ama baada?"

Chapati ikamponyoka, ikaangukia dengu za mzee aliyeketi kando ya Ndila.

"Ndila."

"Nilikutukana, Muthama. Ulinishika mkono nisianguke, nikakupiga. Nimekosa. Na mkataba sikutia sahihi. Ilikuwa baada."

Muthama akachuchumaa palepale, beseni kati yao. "Yangu pia ilikuwa baada. Nilijua siku waliponitoa kwenye ofisi yangu mwenyewe. Na mimi nimekosa, ningekuuliza tukiwa wawili, si mbele ya kuku wa mama."

"Vijana," yule mzee akasema, "pendaneni, lakini wengine tuna njaa."

Baada ya chakula wakaosha vyombo pamoja. Sahani za chuma zilirundikana, mikono yao ikazama kwenye povu hadi viwiko. Muthama aliosha sahani moja kwa muda mrefu sana.

"Hiyo imetakata, Kreti. Unataka kuitoboa?"

"Natafuta maneno." Akaiweka chini. "Ndila, sina pete, na kibanda changu unakijua. Lakini nataka kuzeeka nikikusikia ukicheka. Utanikubali?"

Machozi yalimlenga Ndila, akayafuta kwa mkono wenye povu, likamwasha jicho, akaanza kulia na kucheka pamoja.

"Nimekubali," akasema. "Nimekubali, nitolee hili povu!"

Muthama alimfuta kwa ncha ya kitambaa chake cha chungwa, polepole kuliko ilivyohitajika. Kisha Ndila akatoa simu, akampigia mama yake.

"Mwaitu, uko wapi?"

"Shambani. Kuna nini? Umelia?"

"Jumamosi uweke maji ya chai mengi. Kuna wageni wanakuja, na wanakuja na mbuzi wa ntheo kunichumbia."

Mbula alipiga kigelegele kikatoka simuni kikajaza jiko lote, mpaka wapishi wakaacha miiko yao, na mama mmoja wa Kisikh aliyekuwa akikanda unga, ambaye hakujua hata neno moja la Kikamba, akaanza kupiga makofi.